Nundu ya mfupa karibu na kidole cha mwisho cha mguu: kiatu, dawa au kisu?

Mtu anayeumwa na nundu ngumu iliyochomoza ubavuni mwa mguu, pale kidole cha mwisho kinapoungana na wayo, hukutana na njia nne za kupata nafuu: kubadilisha kiatu, kuweka kinga laini, kutumia dawa za kumeza, za kupaka au za sindano, na kufanyiwa upasuaji. Njia hizo hazilingani kwa gharama wala kwa muda, na hazitibu kitu kimoja. Kosa ninaloliona mara nyingi hapa Dodoma, ambalo mimi mwenyewe nililifanya kwa miezi saba, ni la kuanzia katikati: mtu hununua vidonge vya diklofenaki kila mwisho wa mwezi, huku akiendelea kwenda kazini Mtumba na kiatu kilekile kinachomuumiza. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu mzima anayetaka kujua aanzie wapi, na ni wakati gani ahame kutoka hatua moja kwenda nyingine.

Kinachochomoza ni kichwa cha mfupa wa tano wa wayo, yaani ule mrefu unaoishia kwenye kidole cha mwisho. Juu ya kichwa hicho hujitokeza kifuko chembamba cha majimaji kati ya mfupa na ngozi. Kiatu kikikisugua kila siku, kifuko huvimba, ngozi huwa nyekundu au, kwa wengi wetu, huwa nyeusi zaidi kuliko ilivyokuwa, na hatimaye huota sugu. Kwa hiyo maumivu huletwa na mambo mawili yanayokutana, mfupa na msuguano. Watu wawili wanaweza kuwa na nundu za ukubwa uleule, mmoja akachechemea na mwingine asijue kama anayo, kwa sababu tu wa pili ameshinda maisha yake yote na makubadhi. Nundu isiyouma haihitaji tiba yoyote, hata kama haipendezi kuitazama.

Kwa karne nyingi ugonjwa huu umehusishwa na mafundi wa kushona nguo, kwa kuwa zamani walikaa sakafuni wamekunja miguu, ubavu wa nje wa wayo ukibanwa chini kutwa nzima. Fundi cherehani wa leo pale Majengo hukaa kwenye stuli na kukanyaga pedali, hivyo sioni sababu ya kumwonea. Leo lawama kubwa zaidi inaangukia kiatu chenye ncha nyembamba, na wanawake ndio wanaoumwa zaidi, kwa sababu kiatu cha mchuchumio husukuma uzito wote wa mwili mbele, kwenye sehemu ambayo tayari imebanwa. Hata hivyo kiatu si mshitakiwa pekee. Wapo waliozaliwa na umbo la mguu linaloelekea huko, na madaktari huligawa umbo hilo mara tatu: kichwa cha mfupa kuwa kikubwa kupita kawaida, mfupa wenyewe kupinda kuelekea nje kama upinde, au nafasi kati ya mfupa wa nne na wa tano kuwa pana mno. Mgawanyo huu msomaji asiuruke, kwa sababu ndio utakaoamua aina ya upasuaji endapo mambo yatafika huko.

Je, ni nundu hii kweli?

Kabla ya kulinganisha tiba ni lazima kulinganisha magonjwa, maana uvimbe wa eneo hilo una ndugu wengi wanaofanana naye. Jongo, ambalo wengine huliita gauti, huja ghafla, mara nyingi usiku, na sehemu huwa ya moto na haivumilii hata shuka kuigusa. Hupenda zaidi kidole gumba, lakini haliachi vidole vingine. Nundu yetu haina haraka hiyo. Huongezeka taratibu kwa miezi na miaka, na huuma zaidi mtu akiwa ndani ya kiatu kuliko akiwa pekupeku. Kipimo cha haraka cha nyumbani ni hicho: ukivua viatu na kutembea kwenye zulia kwa nusu saa, maumivu ya nundu hupungua sana, wakati ya jongo hayakusikilizi.

Baridi yabisi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kichwa cha mfupa wa tano wa wayo ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa ambazo ugonjwa huo huanza kula mfupa. Mtu mwenye uvimbe kwenye miguu yote miwili, ambaye viungo vya mikono navyo vinamuuma, na ambaye kila asubuhi hukaza kwa saa nzima au zaidi kabla ya kulainika, asipoteze muda na viatu. Aende kupimwa damu. Mfupa uliopata ufa kwa kutembea au kukimbia sana huuma mbali kidogo na nundu, nyuma yake, na huuma zaidi kadiri mtu anavyoendelea kukanyaga. Sugu ya kawaida isiyo na mfupa mkubwa chini yake hubonyea ukiisukuma kwa kidole, ilhali nundu ni ngumu kama kifundo cha mkono.

Mwenye kisukari yuko katika fungu lake peke yake. Mguu wenye ganzi hautoi taarifa, na kiatu kinaweza kuitoboa ngozi juu ya nundu bila mwenyewe kujua hadi aone damu kwenye soksi. Kwake, jeraha lolote mahali hapo, usaha, wekundu unaosambaa au homa ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, na hatua za kujaribujaribu nyumbani zinazofuata hapa chini hazimhusu mpaka aonwe kwanza na mtaalamu.

Viatu tunavyovaa, kimoja baada ya kingine

Hapa ndipo napenda tukae kwa muda, kwa kuwa ndipo wengi hupona bila kwenda popote. Kipimo kinachonisaidia ni cha karatasi. Jioni, wakati miguu imetutumka baada ya kazi, simama juu ya karatasi kwa uzito wako wote, mtu mwingine achore mzunguko wa wayo kwa kalamu iliyosimama wima, kisha weka kiatu chako juu ya mchoro huo. Mstari ukionekana nje ya kiatu, kiatu hicho ni chembamba kuliko mguu wako, hata kama namba yake ni ileile uliyozoea kwa miaka ishirini. Mguu wa mtu mzima hupanuka kadiri umri unavyosogea, na kwa wanawake hupanuka pia baada ya kuzaa. Namba ya kiatu hupima urefu, haisemi lolote kuhusu upana.

Kiatu cha ofisini cha ngozi halisi kina faida moja kubwa: kinaweza kutanuliwa. Fundi viatu mwenye kalibu ya mbao anaweza kulowesha ngozi, kukiacha kiatu kwenye kalibu usiku kucha na kukipa nafasi palepale nundu inapogusa, kwa gharama ndogo kuliko dozi ya dawa. Kiatu cha ngozi ya bandia kinang'aa zaidi dukani lakini hakitanuki. Kikikubana leo kitakubana mpaka kitakapopasuka. Kwa mtu anayelazimika kuvaa viatu rasmi, kati ya jozi mbili za ngozi bandia na jozi moja ya ngozi halisi yenye mbele pana, ningechagua moja bila kusita.

Viatu vya mitumba, ambavyo pale Sabasaba hupatikana kwa bei ya kuvumilika, vina mazuri na mabaya yake. Raba nyingi za michezo za mtumba ni pana, zina soli nene inayopokea kishindo, na sehemu ya juu ni ya kitambaa laini kinachofuata umbo la mguu. Ubaya ni kwamba kiatu kilichokwisha kuvaliwa kimekariri mguu wa mtu mwingine. Kabla ya kulipa, ingiza mkono ndani na upapase ubavu wa nje: ukikuta mkunjo mgumu au mshono uliokaa pale pale nundu yako itakapokuwa, kiache, hata kama bei inakushawishi. Raba ya zamani iliyokwisha kuwa yako unaweza hata kuikata tundu dogo ubavuni ili nundu ipumue. Haipendezi, lakini kwa kutembea mtaani au shambani inatosha.

Makubadhi na katambuga hushinda vingine vyote kwa jambo moja, kwamba havina ukuta wa pembeni, isipokuwa mkanda ukipita juu ya nundu. Angalia mkanda wa mbele umepigiliwa wapi; ukiwa nyuma ya nundu au mbele yake ni salama, ukiwa juu yake ni afadhali kiatu kilichofungwa. Katambuga lina soli ngumu isiyopindika kirahisi, na soli ya namna hiyo hupunguza kazi ya vichwa vya mifupa ya wayo wakati wa kukanyaga. Ndala, kwa upande mwingine, hazibani lakini hazishiki mguu. Vidole hujikunja kila hatua ili ndala isitoke, na kwa mtu anayetembea kilomita kadhaa kwa siku juu ya changarawe na miiba ya huku kwetu, hicho si kiatu cha kutembelea, ni cha kuogea. Mwenye kisukari asivae ndala nje ya nyumba kabisa.

Gambuti ndizo zinazosahauliwa. Mkulima wa mpunga wa Bahi au wa zabibu wa Hombolo huvaa gambuti saa nyingi, mara nyingi namba iliyopatikana badala ya namba inayomfaa, na mpira haupanuki wala haupitishi hewa. Kuchukua namba moja zaidi na kuvaa soksi nene za pamba ni tiba halisi kwa mtu huyo. Kuhusu mchuchumio sina mengi: kama ni lazima, uwe mfupi, uwe wa mbele pana, uvaliwe kwa saa za shughuli na kubadilishwa baada yake.

Mabadiliko ya viatu yapewe muda wa haki. Kifuko kilichovimba kwa mwaka mzima hakitatulia kwa siku tatu. Mimi ningempa mtu wiki sita hadi nane za kuvaa viatu vipana kila siku, si siku za kazi tu, kabla ya kusema kwamba njia hiyo imeshindwa.

Kinga laini na vitu vya kuingiza ndani ya kiatu

Kinga ya jeli, ya sponji au ya kitambaa kizito huzuia msuguano, na inafanya kazi vizuri ndani ya kiatu kilicho kipana tayari. Ndani ya kiatu kinachobana hugeuka kuwa adui, kwa sababu inaongeza unene mahali palipokosa nafasi. Inayofaa zaidi hukatwa kama pete, nundu ikakaa kwenye tundu la katikati, mzigo ukabebwa na kingo. Plasta za kuondoa sugu zenye tindikali ni jambo jingine kabisa. Hula ngozi nzima sawasawa na sugu, na mwenye kisukari au mwenye mzunguko hafifu wa damu asiziguse. Wembe usikaribie mguu wa mtu yeyote. Sugu ipunguzwe kwa jiwe la kusugulia miguu baada ya kuoga, kidogo kidogo.

Soli za ndani zinazotengenezwa kwa kipimo humsaidia mtu ambaye nyayo zake ni bapa na mguu wake hulala ndani anapokanyaga. Kwa mwenye wayo wa kawaida fedha hiyo ni bora iende kwenye kiatu. Vitenganishi vya vidole na kumkanda mtu ili mfupa urudi ndani havinyooshi mfupa uliokwisha kuchomoza. Kukanda kwa mafuta kunaweza kulegeza misuli ya wayo na kuleta faraja, na sina ugomvi na faraja, lakini asitokee mtu akaubonyeza mfupa kwa nguvu mpaka mgonjwa alie.

Vidonge, mafuta ya kupaka na sindano

Dawa zote tatu hutuliza uvimbe wa kifuko. Hakuna hata moja inayogusa mfupa. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 jioni, hufanya sehemu ya kazi hiyohiyo bila kupita tumboni, nami ningeanza nayo. Kati ya vidonge na jeli ya kupaka ya dawa ileile ya diklofenaki, jeli huingiza dawa kidogo sana kwenye damu, na mfupa wenyewe uko karibu na ngozi, kwa hiyo kwa nundu ndogo jeli inatosha. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vina nafasi yake kwa siku chache za maumivu makali, vikimezwa baada ya chakula, lakini mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa moyo au wa figo, na mjamzito, asivinunue bila kumuuliza daktari au mfamasia. Parasetamoli ni salama zaidi kwa wengi wao, ingawa haipunguzi uvimbe.

Sindano ya dawa jamii ya steroidi kwenye kifuko kilichovimba inaweza kuleta nafuu ya haraka, ya wiki kadhaa au hata miezi. Inamfaa mtu aliyekwisha badilisha viatu na bado kifuko hakitulii. Haimfai anayetaka kuchomwa kila miezi miwili ili aendelee na mchuchumio, kwa sababu ikirudiwarudiwa hudhoofisha ngozi na mafuta yaliyo chini yake, ambayo ndiyo mto wa asili wa eneo hilo. Kwenye ngozi nyeusi inaweza pia kuacha baka jeupe linaloonekana wazi, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Haya aulize kabla ya kuchomwa.

Kuchonga mfupa au kuukata na kuusogeza

Upasuaji unazungumzwa pale ambapo maumivu yameendelea kwa miezi licha ya viatu sahihi na kinga, yakamzuia mtu kufanya kazi zake. Sababu ya urembo peke yake haitoshi, kwa kuwa kovu na miezi ya kupona si bei ndogo. Hatua ya kwanza ni picha ya eksirei, na ninasisitiza ipigwe mgonjwa akiwa amesimama na kukanyagia mguu huo, kwa maana picha ya mgonjwa aliyelala huficha jinsi mifupa inavyotanuka chini ya uzito. Kwenye picha hiyo daktari wa mifupa hupima pembe kati ya mfupa wa nne na wa tano. Kwa kawaida haizidi nyuzi 8 hivi. Wengi wenye nundu inayouma hupita hapo.

Njia rahisi zaidi ni kuchonga sehemu ya mfupa iliyochomoza. Mfupa haukatwi vipande, ganzi ya mguu pekee mara nyingi hutosha, na mgonjwa hukanyaga mapema akiwa na kiatu maalumu cha soli ngumu. Wengi hurudi kwenye viatu vyao vipana baada ya wiki nne hadi sita. Kasoro yake ni kwamba haibadilishi mwelekeo wa mfupa. Ikiwa tatizo la mgonjwa ni kichwa kikubwa tu, kuchonga kunatosha. Ikiwa mfupa umepinda au umetanuka, kuchonga ni sawa na kupunguza kona ya kabati badala ya kulisogeza: nundu inaweza kurudi.

Njia ya pili ni kuukata mfupa na kuusogeza ndani kwa milimita chache, kisha kuushikiza kwa skrubu au waya mpaka uunge. Mkato wa karibu na kichwa huunga vizuri na hufaa pembe ya wastani. Mkato wa katikati ya mfupa hurekebisha pembe kubwa au upinde mkubwa, lakini huchukua muda zaidi. Mkato wa kwenye shina la mfupa huo, upande wa nyuma unaoelekea kisigino, ni wa kuchukua kwa tahadhari, kwa sababu eneo hilo lina damu kidogo na huchelewa kuunga, na wakati mwingine haliungi kabisa. Kwa mkato wowote mfupa huhitaji wiki sita hadi nane kuunga, viatu vya kawaida hurudi kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, na uvimbe unaweza kubaki kwa miezi sita. Anayevuta sigara huunga taratibu zaidi.

Kuondoa kichwa chote cha mfupa ni njia ya mwisho, ya mguu ulioharibiwa na maambukizi, vidonda vya kisukari au baridi yabisi, kwa kuwa uzito huhamia kwenye mfupa wa nne na kuanza kuuma huko. Hatari za pamoja za upasuaji wote ni usaha, ganzi ya kudumu ubavuni mwa kidole, mfupa kutounga na nundu kurudi. Upasuaji wa tundu dogo huacha kovu dogo, lakini unategemea mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji na mikono iliyouzoea, kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni kwamba ameufanya mara ngapi, na pia atamfanyia mgonjwa huyu mkato upi na kwa sababu gani. Daktari mzuri hatakasirika kuulizwa.

Kwa anayeishi Dodoma, Chamwino au Kongwa, rufaa ya kwanza hupitia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na madaktari bingwa wa mifupa hupatikana katika hospitali ya rufaa ya mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kesi ngumu huweza kupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Mwenye bima aulize mapema kama upasuaji wa nundu umo kwenye kifurushi chake na kama skrubu inalipiwa kando, maana jibu hilo linaweza kubadilisha hesabu yote.

Jambo la mwisho la kupima ni msimu. Mvua za huku hunyesha kwa kipindi kimoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na mkulima anayechongwa au kukatwa mfupa mwezi wa Desemba atakosa kilimo cha mwaka huo, kwani hakuna gambuti litakaloingia kwenye mguu wenye bandeji. Juni au Julai, baada ya mavuno, ni wakati mzuri zaidi, ingawa vumbi na upepo vitamlazimu afunike kidonda vizuri. Mama anayechota maji kisimani na kubeba mtoto mgongoni aulize kwanza nani atambebea hayo kwa wiki nane; kama hayupo mtu, viatu vipana na pete ya sponji vimsubirishe mpaka atakapopatikana.